Damu Iko Chini, Halafu?

Hapa Wajir kuna sentensi ambayo kila mama ameambiwa, na kama si yeye ni dada yake, na kama si dada ni jirani: "Damu iko chini." Maneno matatu. Anayeyasema amevaa koti jeupe na macho yake tayari yako mlangoni, anatazama ni nani anafuata kwenye foleni. Mama anapewa karatasi, anaonyeshwa duka la dawa kwa kidole, anarudi bula kwao na mtoto mgongoni na nambari ishirini ambazo hakuna aliyemsomea hata moja. Mimi nasema hayo si majibu. Ni namna ya kumfukuza mtu kwa adabu. Na kuna watoto wa kaunti hii ambao sentensi hiyo inaweza kuwaua. Sitii chumvi, nitaeleza.

Karatasi ninayoizungumzia ni ya mtoto wa dada yangu, mwaka mmoja na miezi minane. Mimi ni abti yake. Ilinifikia kwa simu, picha iliyopigwa ndani ya tuktuk inayotikisika, ikifuatwa na ujumbe wa sauti: "Aboowe, wewe ndiye umesoma, hebu niangalizie." Nimesoma chuo mihula minne tu, tena fasihi, halafu nikaacha. Lakini kwetu hiyo inatosha kukufanya msomaji wa kila karatasi inayoingia nyumbani: barua ya chifu, ujumbe wa SHA, na sasa damu ya mtoto. Kituo kilichompima sitakitaja, maana nikikitaja mtadhani shida ni ya kituo kimoja. Dada alikuwa amejaribu kuuliza. "Iko chini kiasi gani?" Akajibiwa, "Iko chini tu, mama. Mnunulie dawa ya damu." Amelipia kipimo, amemshika mtoto akilia huku anadungwa, na hayo ndiyo aliyorudi nayo.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Upande wa kushoto kuna vifupisho, katikati nambari, kulia viwango vya kawaida, na pembeni kabisa herufi: L ni chini, H ni juu. Ya mtoto huyu ilikuwa imejaa herufi hizo. Iliyomkosesha dada usingizi haikuwa hata ile ya damu. Ilikuwa H iliyokaa kando ya WBC, chembe nyeupe, 11.8. Jirani mmoja mwenye huruma na ulimi mrefu alimwambia chembe nyeupe zikizidi ni kansa ya damu. Mwanamke akalia usiku kucha.

Ukitazama kiwango kilichochapwa hapo, kinaanzia 4 hadi 10. Hicho ni kiwango cha mtu mzima. Mtoto wa umri huo huwa na chembe nyeupe nyingi kuliko baba yake, na hata akifika 15 anaweza kuwa hana neno lolote. Mashine ilikuwa imempima mtoto anayenyonya kwa mizani ya mtu mwenye ndevu. Ndivyo ilivyofanya pia kwenye MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu: ilichapa 80 hadi 100, wakati mtoto mzima kabisa wa miaka miwili anaweza kuwa na 75 na akacheza mpira siku nzima. Kwa hiyo kabla hatujafika kwa ugonjwa wowote, tayari nusu ya hofu ya dada yangu ilitengenezwa na mashine ambayo hakuna aliyeiambia kwamba mgonjwa ana meno kumi na mawili.

Damu yenyewe ni mstari ulioandikwa HGB, himoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni mwilini. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilitumia mpaka mmoja wa 11 kwa watoto wote wa kuanzia miezi sita hadi kabla ya miaka mitano. Mwaka 2024 liliubadilisha: kuanzia miezi sita hadi 23 mpaka ni 10.5, kisha kuanzia miaka miwili unabaki 11. Kwa hiyo mtoto wa miezi ishirini mwenye 10.7 hana upungufu wa damu, hata kama karatasi imemwekea L kubwa. Chini ya 7 ni hatari, hapo hakuna mambo ya duka la dawa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Katikati ya hapo kuna watoto wengi sana.

Wetu alikuwa na 8.6. Upungufu wa kiasi cha kati, si mzaha, lakini si wa kuamshana usiku. MCV yake 62, ndogo hata kwa kiwango cha mtoto. Chembe nyeupe sawa. Chembe sahani, zile za kugandisha damu zinazoandikwa PLT, zilikuwa 470, juu kidogo. Ukiweka mistari hiyo pamoja unapata picha ambayo kitabu chochote cha wauguzi kinayo: chembe nyekundu zimekuwa ndogo kwa sababu chuma kimekwisha. Kuna upungufu wa kurithi unaofanana na huo, na kuna kipimo cha feritini kinachoonyesha akiba ya chuma, ingawa mtoto akiwa na homa feritini hupanda na kudanganya. Mimi si daktari, na sijidai. Nilichofanya ni kusoma mistari minne na kumpigia simu mtu anayejua ili anithibitishie. Kazi ya dakika sita. Kwa nini hakuna aliyempa dada yangu hizo dakika sita?

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwenye karatasi ya huyu mtoto. Iko kwenye karatasi ya mtoto mwingine, yule anayetoka Eldas au Tarbaj au upande wa Buna, ambaye naye ameambiwa maneno yale yale matatu.

Damu kuwa chini si ugonjwa, ni moshi. Na katika nchi yetu hii moto wake si mmoja. Kati ya 2000 na 2001 Wajir na Mandera zilipatwa na mlipuko wa kala-azar. Mwaka 2014 ikarudi, Marsabit na Wajir. Inaletwa na kadudu kadogo kuliko mbu, usubi wa mchangani, kanakojificha kwenye nyufa za udongo na vichuguu na kuuma kuanzia magharibi. Mtoto anapata homa isiyokwisha wiki mbili na zaidi, anakonda, wengu linavimba upande wa kushoto wa tumbo hadi unaweza kulishika kwa mkono, na damu inashuka. Asipotibiwa, karibu kila mara anakufa. Akitibiwa kwa wakati, mara nyingi anapona: sindano za dawa mbili kwa siku 17, akiwa amelazwa.

Na karatasi inaweza kukupigia kelele, kama kuna mtu wa kuisoma. Kwa mtoto aliyekosa chuma, chembe nyekundu ndizo zinazoteseka. Nyeupe na sahani ziko zake. Kwa mtoto wa kala-azar kwa kawaida vyote vitatu vinaanguka pamoja, nyekundu, nyeupe na sahani. Mistari mitatu kwenye karatasi moja. Ukimwambia mama yake "damu iko chini" ukamuuzia chupa, umempa kimelea nafasi ya wiki nne nyingine. Atamaliza chupa, atarudi, ataambiwa iko chini zaidi, atapewa chupa nyingine. Kila mtu anayefanya kazi ya afya kaskazini mashariki anajua habari hii. Ndiyo maana ukimya wao siuiti uchovu.

Malaria nayo ni hivyo hivyo. Baada ya mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997, ziwa la maji lilitanda mahali ambapo watu walizoea vumbi, na mapema 1998 malaria ilipiga Wajir vibaya sana, watoto na wakubwa, kwa sababu miili yetu haikuizoea. Wazee bado wanahesabu miaka kwa mvua ile. Mtoto anayetoka kwenye malaria hubaki bila damu. Huyo naye ni "damu iko chini". Sentensi moja kwa watoto watatu wenye shida tatu tofauti.

Nigeuke upande wa mashirika kidogo, maana nao wana lao. Ukame unapokuja, na ule wa kuanzia mwisho wa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo, magari meupe yanafika na utepe wa kupima mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hadi 12.5 ni njano, juu ya hapo kijani. Utepe huo umeokoa watoto wengi na siwezi kuutukana. Ila umetufundisha kosa moja: kwamba mtoto wa kijani ni mtoto mzima. Mkono unapima nyama, haupimi damu. Mtoto wetu ni kijani kabisa, ana mashavu, wageni wanamfinya wakisema mashallah. Na kwa miezi alikuwa akilamba ukuta na kula udongo, mama yake akimchapa kidole akidhani ni utundu. Kutamani udongo ni mojawapo ya dalili zinazokwenda pamoja na kukosa chuma. Hakuna mwenye utepe aliyewahi kumuuliza mama, "Anakula udongo?"

Na sisi? Maana siwezi kuwasema watu wa koti jeupe nikaacha nyumba zetu.

Pita mjini saa moja asubuhi, hoteli yoyote. Meza zimejaa wanaume, mbele yao sahani za maini ya mbuzi au ya ngamia na sabaayad moto. Kwa Kisomali ini huitwa beer, na msomaji wa Nairobi asicheke, ndilo neno letu tangu zamani. Ni karibu chakula bora kabisa cha chuma alichowahi kupata binadamu, kipo Wajir kila siku, freshi, na kinaliwa na watu ambao hawana upungufu wowote. Saa hiyo hiyo nyumbani mtoto wa mtu huyo huyo amekaa na kikombe cha shaah na anjera, anachovya, anakula. Chai inashika chuma kilichomo kwenye chakula na kukizuia kuingia mwilini. Kwa hiyo tumempa mtoto chakula chenye chuma kidogo, kisha tukampa kinywaji cha kukifungia hicho kidogo, na baba amekula dawa hotelini. Jioni anafika anauliza kwa nini mtoto amepauka.

Maziwa sitayagusa sana, nina wazee nyumbani. Ya ngamia ni fahari yetu na nimelelewa nayo. Lakini maziwa ya aina yoyote yana chuma kidogo, na mtoto aliyeshiba maziwa kutwa hana nafasi ya nyama wala maharagwe. Halafu kuna imani ya rangi: bitiruti, soda nyeusi yenye ladha ya zabibu, kitu chochote chekundu kilichochanganywa na maziwa. Kitu hakigeuki damu kwa kuwa ni chekundu. Sukari yake tu ndiyo inayoingia. Vijiko viwili vya ini lililopondwa, mara mbili kwa wiki, na ndimu ikikamuliwa juu ya dengu, vingefanya zaidi ya katoni nzima ya hizo soda. Baba anayesoma hapa: funga kipande kwenye karatasi upeleke nyumbani. Hutapungukiwa.

Turudi kwenye ile "dawa ya damu", maana nayo ni fumbo. Kwenye rafu za maduka ya dawa hapa mjini jina hilo linabeba chupa za kila namna. Nyingi ni vitamini tamu zenye picha ya mtoto anayecheka, na chuma kilichomo ni kidogo mno kumtibu mtoto mwenye 8.6. Kinachohesabika ni kiasi cha chuma chenyewe, si uzito wa chumvi yake: kidonge cha mtu mzima kilichoandikwa miligramu 200 za salfeti ya chuma kina chuma cha miligramu 60 hivi tu. Dozi ya mtoto hupigwa kwa uzito wake. Hilo lazima lihesabiwe na mtu anayejua, kwa sababu chuma kikizidi ni sumu, na watoto wamewahi kufa kwa kumeza vidonge vya mama zao wajawazito walivyodhani ni peremende. Vifungieni.

Tena dawa hiyo si ya wiki moja. Himoglobini inaanza kupanda ndani ya wiki chache, lakini dawa inaendelea miezi kama mitatu ili akiba ijae. Choo kitakuwa cheusi. Hakuna mahali mama wengi wanaachia dawa kama hapo: anaona choo cheusi, anaamini mtoto anaoza tumbo, anamwaga chupa. Sentensi moja ingemzuia, "choo kitakuwa cheusi, usiogope." Dada yangu hakuambiwa. Hakuambiwa asimpe na chai wala maziwa. Hakuambiwa arudi lini kupima tena. Hata dawa ya minyoo, ambayo hutolewa bure kwenye wiki za Malezi Bora kila Mei na Novemba, hakuna aliyemuuliza kama mtoto alishapewa.

Nikiyasema haya kwa rafiki zangu wanaofanya kazi ya afya, na ninao, wananijibu mambo mawili. La kwanza ni foleni, na hilo nalikubali. Mtu mmoja hawezi kuona wagonjwa themanini akabaki na ulimi. Lakini maelezo niliyoyataja yanaingia kwenye sentensi nne, zinaweza kuandikwa nyuma ya karatasi ile ile. La pili linaniudhi: ati akina mama wa huku hawataelewa, wengi hawakusoma.

Hawataelewa nini? Ayeeyo yangu hajawahi kuingia darasani, na atakutajia ngamia, mama wa ngamia, na nyanya wa ngamia hadi uchoke, ni yupi aliyetoa maziwa mangapi mwaka gani wa ukame. Mtu mwenye hesabu hiyo kichwani hawezi kushindwa na "mtoto wako ana 8.6, tunataka 10.5". Tena mji huu una ushahidi wake. Mwaka 1976, Mwitaliano Annalena Tonelli aliongoza hapa Wajir mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kwa wafugaji, watu walioaminika hawawezi kumaliza dawa kwa sababu wanahama. Wakaelezwa. Wakasimamisha herio zao pale manyatta ya TB, wakameza dawa mbele ya mhudumu miezi baada ya miezi hadi mwisho, na namna hiyo ya kutibu ikaja kuwa kawaida duniani. Aliuawa Borama mwaka 2003, na hapa bado anakumbukwa kwa jina lake la kwanza. Wafugaji wale wale, jangwa lile lile. Kilichokuwepo ni mtu aliyekaa chini akazungumza nao.

Na si hisani tunayoiomba. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, na kama mgonjwa ni mtoto amweleze mlezi, tena kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiasi alichosoma. Kwa Wajir hiyo ina maana Kisomali, ina maana Kiborana kwa wengine, ina maana Kiswahili. Haina maana L na H.

Basi nianze na dogo kabisa, kwa wanaosimamia maabara za umma na za watu binafsi katika kaunti hii. Mashine nyingi za kupima damu zina sehemu ya kuchagua aina ya mgonjwa kabla ya kupima: mwanamume, mwanamke, mtoto, mchanga. Mtaalamu akibonyeza "mtoto", viwango vinavyochapwa hubadilika, na H ya uongo inaondoka kwenye karatasi. Haihitaji bajeti, haihitaji mkutano wa wadau wenye chai na sambusa, wala mfadhili kutoka Geneva. Nendeni kesho asubuhi mkaangalie imewekwa wapi.